Barua kwa Mwanangu Aliyevaa Nyota Moja

Tegeta, Dar es Salaam

Mwanangu mpendwa,

Barua yako niliipokea Jumatano kwa mkono wa mdogo wako, nikaisoma barazani mara mbili kabla sijamwita mama yako aje aisikie. Tunamshukuru Mungu kwamba u mzima na kwamba umeanza kuizoea baridi ya huko. Umeniuliza jambo moja, nami nalirudia hapa ili tusipotezane njiani. Una miezi minne kikosini tangu upewe kamisheni ya uafisa pale chuo cha kijeshi cha Monduli, sajenti wa platuni unayoiongoza ana umri wa baba yako mdogo, na mkuu wako wa kombania, aliye juu ya platuni kadhaa, hupitisha maamuzi ambayo baadhi yake unaona yana kasoro. Unataka kujua wajibu wako ni upi, kutii au kusema, na kama mimi, niliyetumikia jeshi miaka 31 na kustaafu nikiwa afisa mteule, cheo kilicho juu ya sajenti na chini ya luteni, bila kuvaa nyota ya uafisa hata siku moja, niliwahi kumwona afisa aliyeyaweza yote mawili.

Nimemwona, na habari zake nitakupa. Lakini nitaanza na kosa langu mwenyewe, ambalo hujapata kulisikia kwangu wala kwa mama yako, kwa kuwa bila hilo maneno yangu mengine yatakuwa nasaha za mzee tu.

Mwaka 1988 nilikuwa sajenti katika usafiri wa kikosi kimoja huko mikoani. Luteni wetu alikuwa kijana hodari, mwepesi wa kazi, mwenye ramani kichwani, lakini alikuwa na neno moja alilopenda kulitumia: "Sajenti, nimekuuliza?" Alimwambia hivyo mwenzangu mmoja mbele ya askari, kisha akamwambia mwingine, na baada ya mwezi mmoja hapakuwa na mtu katika kundi lile aliyefungua kinywa asipoulizwa. Jioni moja ya masika tuliagizwa kuwapeleka askari kwenye uwanja wa shabaha usiku uleule, ili alfajiri iwakute huko. Nilizunguka lori kama ilivyo desturi kabla ya safari, nikainama kwenye gurudumu la nyuma la kushoto, nikaona ubavu wa ndani wa tairi umelowa. Kila kitu kilikuwa kimelowa jioni ile, lakini nilipopitisha kidole kiliteleza, na nilipokinusa nikajua kwamba yale hayakuwa maji ya mvua. Yalikuwa mafuta ya breki. Nilisimama, nikamtazama luteni aliyekuwa hatua kama kumi kutoka pale akihesabu watu wanavyopanda, nikakumbuka lile neno lake, nikafuta kidole kwenye suruali ya kombati, nikanyamaza. Nilijiambia kwamba amri ni amri.

Kwenye mteremko wa kwanza lori lilishindwa kusimama, likaacha barabara na kulala ubavu. Mungu aliwanusuru wengi, lakini askari mmoja wa miaka 22 alibanwa mguu wa kushoto, na hospitali ikaukata chini ya goti. Bodi ya uchunguzi ilipokaa niliulizwa kama mvua ilikuwa kubwa, nikasema ilikuwa kubwa. Niliulizwa kama dereva alikuwa na uzoefu, nikasema alikuwa nao. Hakuna aliyeniuliza habari za tairi, nami nikajibu nilichoulizwa.

Luteni yule alikosea, kwa sababu afisa anayewafunga watu vinywa amejifunga macho yake mwenyewe. Lakini kosa lake halinifutii langu. Mimi nilikuwa na kinywa, nilikuwa na hatua kumi za kutembea, na adhabu kubwa kuliko zote ambayo ningeipata usiku ule ilikuwa kukaripiwa mbele ya watu. Waswahili husema sikio halipiti kichwa, na methali hiyo tuliitumia sana kambini kuwanyamazisha wadogo. Tulisahau kwamba sikio limewekwa hapo lisikie kwa niaba ya kichwa, na likikaa kimya wakati hatari inakuja, kichwa ndicho kinachopigwa.

Kwa hiyo, mwanangu, usiyaweke kutii na kusema kwenye mizani kama vitu viwili vinavyopingana. Mkuu wako anapotoa amri anaamini kwamba aliyo nayo ni picha kamili, na wewe uliyeona kipande kilichokosekana unadaiwa na utii wako mwenyewe umpelekee. Kinachobaki ni namna ya kukipeleka, na hapo ndipo vijana wengi wazuri huharibu.

Jiulize kwanza kama unaijua hali kama anavyoijua yeye, maana mkuu wa kombania hupata habari na maelekezo yasiyofika kwenye platuni, na mara nyingi kinachoonekana kuwa kosa kina sababu yake juu huko. Ukisharidhika kwamba kasoro ipo kweli, mwendee mapema, kabla amri haijawafikia askari, mkiwa wawili tu, useme kwa maneno machache umeona nini, unahofia kitatokea nini, na unapendekeza nini badala yake, kwa kuwa afisa anayepeleka tatizo tupu amemwongezea mkuu wake mzigo. Kama ni jambo la watu na vifaa, nenda na idadi: askari wangapi wana homa, redio ngapi zinafanya kazi, maji yatatosha saa ngapi. Akikusikiliza kisha akaamua vilevile alivyokusudia, na amri yenyewe ni halali, mjadala umekwisha. Piga saluti, utoke, uende kuitekeleza kwa nguvu zako zote kana kwamba wazo lilikuwa lako. Ukifika mbele ya platuni usiseme "afande amesema tufanye hivi." Sema "tutafanya hivi." Askari huitambua tofauti hiyo papo hapo, kwa sababu afisa anayejificha nyuma ya mkuu wake anawaambia kimya kimya kwamba kazi hii haina mwenyewe, na kazi isiyo na mwenyewe hufanywa nusu nusu, na ya nusu nusu ndiyo inayoumiza watu.

Neno "halali" nimelitumia kwa makusudi. Sheria ya Ulinzi wa Taifa ya mwaka 1966 humwadhibu askari anayekaidi amri halali, na nidhamu yetu yote imejengwa juu ya neno hilo. Amri ya kumuua mateka, kuwapiga risasi raia wasio na silaha, au kuiba mali ya wanakijiji haiwi amri kwa sababu tu imetoka kwa mwenye cheo. Najua Monduli mlifundishwa Mikataba ya Geneva ya mwaka 1949 inayowalinda mateka na raia vitani, lakini mimi hulifikiria jambo hili kupitia mtu mmoja. Tarehe 16 Machi 1968, katika kijiji cha My Lai huko Vietnam, askari wa Marekani waliua mamia ya raia, wengi wao wanawake, watoto na wazee. Hugh Thompson, aliyekuwa rubani wa helikopta, aliona kutoka angani yanayotendeka, akatua kati ya askari wa jeshi lake na wanakijiji waliokuwa wakikimbia, akawaagiza wenzake wawili wa ndani ya helikopta wawe tayari kuwafyatulia askari wale ikiwa wangewapiga raia, kisha akaita helikopta nyingine zije ziwaondoe. Alikuwa afisa mteule kama mimi, na luteni aliyemkuta pale chini alimzidi cheo. Jeshi lake lilimpa medali ya ushujaa ule mwaka 1998, miaka 30 baadaye. Luteni William Calley, mmoja wa waliowaongoza askari wale, aliyejitetea kwamba alitii amri ya kapteni wake, alipatikana na hatia ya mauaji mwaka 1971.

Ukipanda cheo, sheria itakudai zaidi ya hapo. Mkataba wa Roma, ulioanzisha Mahakama ya Kimataifa ya Jinai na ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2002, humtia hatiani kamanda aliyejua, au aliyepaswa kujua, kwamba watu walio chini yake wanatenda uhalifu, naye asichukue hatua za kuwazuia au kuwafikisha mbele ya sheria. Yale maneno "aliyepaswa kujua" huwa nayarudia. Kamanda hawezi kujitetea kwamba hakuambiwa, ikiwa ni yeye aliyewafundisha watu wake wasimwambie.

Wiki iliyopita nilipanda daladala hapa Tegeta kwenda Mwenge, tukapita mbele ya kambi ya Lugalo, nikakumbuka kwamba wengi waliokaa nami kwenye viti hawajui yaliyotokea mle ndani. Wakati huo kambi iliitwa Colito, jina la mapigano ya mwaka 1941 huko Ethiopia ambako askari wetu waliwapigania Waingereza. Usiku wa kuamkia tarehe 20 Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles, jeshi la nchi wakati huo, waliasi, wakawakamata maafisa wao wa Kiingereza, wakadai nyongeza ya mshahara na kwamba Waafrika ndio wawaongoze. Nchi ilikuwa huru kwa zaidi ya miaka miwili, lakini maafisa wengi bado walikuwa Waingereza. Kikosi cha Tabora nacho kikafuata, na tarehe 25 Januari serikali ya Mwalimu Nyerere ililazimika kuwaita makomandoo wa Uingereza ili kuzima maasi ya jeshi lake yenyewe, jambo lililomuuma sana. Jeshi lile lilivunjwa, na tarehe 1 Septemba 1964 likazaliwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania, ambalo mkuu wake wa kwanza alikuwa Mrisho Sarakikya. Kambi nayo ikaja kuitwa Lugalo, mahali ambapo Wahehe wa Mkwawa waliwashinda Wajerumani mwaka 1891.

Siwatetei walioasi. Askari anayeigeuzia serikali bunduki ili aongezewe mshahara amevunja kitu kisichoungika kwa urahisi, na nchi nyingi za bara letu zimekilipia kwa damu. Lakini kila ninapopita pale nawafikiria maafisa ambao walilala na watu wao ndani ya uzio mmoja na wasijue wana nini moyoni. Manung'uniko yasiyo na njia ya halali ya kupanda juu hujitafutia njia nyingine. Ndiyo maana nasema kusikiliza ni kazi ya afisa kama vile kulenga shabaha ni kazi yake, na mtu anaweza kuwa dhaifu katika kazi hiyo akawa hatari kwa jeshi zima. (Siasa nayo iache nje ya lango. Nilipojiunga chama kilikuwa kimoja na matawi yake yalikuwamo kambini. Baada ya mwaka 1992 yakatoka, na Katiba sasa inakukataza kujiunga na chama chochote ingawa kura unapiga. Nimeziishi hali zote mbili, na hii ya sasa naiona bora.)

Sasa yule afisa niliyekuahidi. Alikuwa kapteni katika kikosi nilichohamia miaka mitatu baadaye. Akishaeleza mpango wake mbele ya ramani, alikuwa akiuliza, "Nani ameona nisichokiona?" na alianza kwa mdogo wa wote akapanda, kwa sababu alijua kwamba mkubwa akishasema, mdogo hawezi tena kumpinga. Siku moja koplo mmoja, kijana mwenye haya, alimwambia kwamba kijito alichopanga tuvuke kingekuwa kimejaa, kwa kuwa mvua ya milimani ilikuwa imenyesha siku mbili. Kapteni alimtazama kitambo. Kisha akalowesha kidole kwa mate, akaufuta ule mstari mwekundu kwenye plastiki iliyofunika ramani, akachora mwingine juu ya daraja, akasema, "Koplo ameniokolea watu." Tangu siku ile, mwanangu, kapteni yule hakukosa habari kutoka kwetu, na alipotuamuru jambo gumu bila kutueleza sababu, tulikwenda bila kuuliza, kwa kuwa tulijua kwamba kama kungekuwa na nafasi ya kuuliza angetupa.

Huyo sajenti wako, basi, usimwogope, wala usijifanye unajua asichokijua. Anapokupigia saluti anaiheshimu kamisheni uliyopewa na Rais, kwa hiyo usiikatae heshima hiyo kwa sababu ya umri wake, na mbele ya askari usimwite "mzee." Jioni kazi zikiisha, mwite mkae, umuulize maswali ya kweli: nani ana mgonjwa nyumbani, nani amechoka, gari gani halifai. Kisha uamue mwenyewe, na uamuzi ukiharibika ubebe wewe, usimtupie yeye. Mkubwa ni jalala, na hilo uliliridhia ulipokula kiapo. Wakati wa chakula simama pembeni hadi askari wa mwisho apate sahani yake ndipo uende na wewe. Wataona, ingawa hawatasema.

Yule askari aliyekatwa mguu yuko Mbagala, ni fundi wa redio na siku hizi pia wa simu, ana wajukuu wawili. Mimi humtembelea kila baada ya miezi michache, na kila mara yeye huniuliza habari zako, akidhani kwamba kinachonipeleka kwake ni urafiki peke yake. Jumapili hii nitakwenda na barua hii mfukoni nimsomee yote, pamoja na ile sehemu ya tairi, kwa sababu kwa miaka yote hii sijamwambia kwamba niliyaona mafuta ya breki. Nitaiposti Jumatatu.

Mama yako anakusalimu sana.

Baba yako