Jibu: Nakula mchicha kila siku lakini damu haipandi

Pole sana dada. Umeuliza inakuwaje mchicha unakula kila siku na kipimo cha damu bado kiko chini, mi naona mchicha hauna kosa, angalia unaula na nini. Madini ya chuma, yale yanayojenga damu, ya kwenye mboga mwili unayapokea kwa shida kuliko ya kwenye nyama, kwahiyo lazima uyasaidie. Kamulia limao, ila kamulia ukishaipua na iko kwenye sahani kabisa, maana vitamini C inaharibika na moto. Kama limao hakuna, kachumbari ya nyanya na hoho au chungwa moja hapohapo. Hata dagaa wachache wanasaidia.

Halafu chai jamani, hapa ndo wengi tunajiumiza. Nyumbani mama alikuwa anashushia ugali na matembele kwa chai ya rangi ile nyeusi tii, kumbe chai na kahawa zinakamata yale madini tumboni yanapita tu hivihivi, we isogeze mbele lisaa limoja au mawili baada ya kula. Maharage nayo loweka usiku kucha na yale maji mwaga, ili chuma chake kisizuiwe sana kuingia mwilini.

Kwa upande wa kalsiamu, madini ya mifupa, usitegemee mchicha sana, una oksaleti, kitu cha asili cha kwenye mboga kinachoibana hiyo kalsiamu, sukuma wiki ni bora zaidi.

Na tafadhali vidonge ulivyopewa kliniki usiviache, mboga peke yake haitoshi kama damu imeshashuka, na vimeze kwa maji, sio chai.