Skrini imezimika, feni bado inazunguka

Ndugu, kama kompyuta yako ya Windows 10 ukiizima skrini inakuwa nyeusi lakini feni haisimami, mshukiwa wa kwanza ni Fast Startup, yaani mpangilio wa kuwaka haraka. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, mpangilio huo ukiwa umewashwa, ukibofya Shut down mfumo hauzimwi wote. Inahifadhi kiini cha mfumo kwenye diski ili iwake haraka baadaye, na draiva moja (programu inayoendesha kifaa) ikigoma kulala, skrini inakuwa nyeusi huku taa na feni vikiendelea.

Pima hivi: shikilia Shift unapobofya Shut down. Hapo inazima kikamilifu. Ikizimika vizuri, umempata mchawi. Ili kuondoa Fast Startup, fungua Command Prompt (dirisha la kuandikia amri) kama msimamizi, andika powercfg /h off, bonyeza Enter.

Laptopu ya dada yangu ilikuwa inachemka ndani ya begi kila jioni, betri asubuhi sifuri. Amri hiyo moja ikamaliza, na mpaka leo inazima.

Ila utapoteza Hibernate, ile njia ya kuhifadhi kazi zilizo wazi kwenye diski kisha kuzima. Na kama hata kwa Shift inabaki inawaka, sasisha draiva na BIOS (programu ya msingi inayoiwasha mashine) kutoka tovuti ya mtengenezaji. Usizoee kuizima kwa kushikilia kitufe, diski ikiwa bado inaandika utaharibu mafaili.