Kabla hujapaua, jiulize hewa ya moto itatokea wapi

Nyumba niliyomjengea mama Manyoni, mkoani Singida, ilimshinda mwezi wa kumi. Mchana alikuwa anashinda chini ya mwembe, usiku anatoa mkeka na kulala barazani. Nyumba yenyewe ilikuwa na kila nilichodhani ni cha kisasa: bloku za saruji za inchi 6, silingi ya jipsamu iliyonyooka, na paa la kuficha, lile ambalo ukuta unapandishwa pande zote mpaka bati lisionekane. Watu walikuwa wanasimama njiani kuitazama. Mama hakuwahi kulalamika hata siku moja. Nilikuja kujua mwenyewe nilipofika bila taarifa saa nne usiku nikamkuta amelala nje, akaanza kunieleza kwamba leo tu ameamua kupunga upepo. Niliingia chumbani kwake, nikapanda kwenye kiti, nikagusa silingi. Jua lilikuwa limezama zaidi ya saa tatu, na ile silingi bado ilikuwa ya moto kama ubavu wa birika.

Nililia usiku ule. Nilitumia akiba ya miaka sita kumjengea mzazi wangu tanuri.

Naandika haya kwa sababu naona nyumba za namna ileile zinaota kila mtaa, Dodoma, Singida, Shinyanga, kote kwenye jua kali. Ukiwa bado uko kwenye boma na hujapaua, una nafasi ambayo mimi sikuwa nayo. Soma kwanza, kisha ukazungumze na fundi wako.

Nilianza kwa kununua feni. Feni inazungusha joto lilelile, basi. Kiyoyozi nilikitazama dukani nikapiga hesabu ya LUKU, nikaona mama atakizima siku ya pili ili asiniingize gharama. Ndipo nikaanza kutafuta watu wanaojenga mahali penye joto kuliko Manyoni na pesa chache kuliko zangu, nikamfikia Francis Kéré na ofisi yake ya usanifu, Kéré Architecture, iliyoko Berlin.

Kéré alizaliwa mwaka 1965 katika kijiji cha Gando, Burkina Faso, mtoto wa chifu, na ndiye wa kwanza kijijini kwake kupelekwa shule. Alisomea katika darasa lenye giza, lililofurika watoto, lenye joto la kuumiza kichwa. Mwaka 1985 alikwenda Ujerumani kujifunza useremala, baadaye akasomea usanifu majengo huko Berlin. Alipokuwa bado mwanafunzi alichangisha pesa akarudi Gando kujenga shule ya msingi. Ilikamilika mwaka 2001, ikapata tuzo ya Aga Khan ya usanifu mwaka 2004, na mwaka 2022 yeye mwenyewe akawa Mwafrika wa kwanza kupewa tuzo ya Pritzker, ambayo kwa wasanifu majengo hakuna kubwa kuipita. Ninachompendea, hata hivyo, si tuzo. Ni kwamba aliketi kwenye lile darasa la joto na hakulisahau.

Iangalie shule ya Gando kwa macho ya mtu anayejenga. Kuta ni za tofali za udongo wa palepale, uliochanganywa na saruji kidogo na kushindiliwa kwa mashine ya mkono, bila kuchomwa. Juu ya kuta kuna dari, nalo ni la tofali za udongo zenye nafasi za kupitisha hewa. Kisha, na hapa ndipo siri yote ilipo, bati halikukaa juu ya dari hilo. Limeinuliwa, limebebwa na kenchi (fremu za kubeba bati) nyepesi za nondo za kawaida zilizochomelewa na vijana wa kijiji waliofundishwa kukata na kuchomelea, na kati ya bati na dari kuna uwazi mkubwa ambamo upepo unapita huru. Jua linapiga bati, bati linawaka, lakini ule moto unachukuliwa na upepo kabla haujashuka. Wakati huohuo hewa iliyopata joto darasani inapanda, inapenya kwenye dari, inatoka, na hewa ya chini inaingia madirishani kuziba nafasi yake. Hakuna umeme.

Linganisha na nyumba ya mama. Bati lilikuwa limezingirwa na ukuta pande nne. Chini yake jipsamu imezibwa kila ufa. Hewa iliyokuwa katikati ilipashwa kuanzia saa mbili asubuhi na haikuwa na pa kwenda, ikabaki inashusha joto vyumbani hadi usiku wa manane. Isitoshe, paa la kuficha halina upenu, kwa hiyo ukuta wa magharibi ulikuwa unapigwa jua la alasiri bila kizuizi chochote. Wale wapita njia walikuwa wanasifia mambo mawili yaliyokuwa yanampika mama.

Ushauri wangu wa kwanza basi: ukiwa kwenye eneo kame lenye jua kali, usijenge paa la kuficha. Najua linapendeza. Najua fundi atakwambia linaokoa mbao. Lakini joto la nyumba zetu kwa sehemu kubwa linatoka juu, na paa lile linaufunga mlango uleule ambao joto lingetokea. Mvua nazo zikija, maji yanakusanyika nyuma ya ukuta, na siku mfereji ukiziba kwa majani utayaona yanachuruzika ukutani sebuleni.

Mimi nilijaribu kwanza njia ya mkato. Nilimwomba fundi atoboe matundu kwenye ule ukuta wa juu, pande zote, usawa wa silingi. Tulipoteza siku mbili na joto likabaki palepale, maana hewa ya moto hukaa juu, nasi tulikuwa tumeifungulia dirisha miguuni mwake. Matundu ya chini ni ya kuingizia hewa. Ya kutolea lazima yawe juu kabisa, karibu na mgongo wa paa. Mchwa wanalijua hilo. Ukienda Turkana, Kenya, kando ya ziwa, ofisi ya Kéré imejenga chuo cha vijana wanaojifunza mambo ya kompyuta, Startup Lions, kilichokamilika mwaka 2021. Kina minara mirefu iliyochukua mfano wa vichuguu vya eneo lile. Hewa ya moto inapanda na kutokea kwenye minara, na hewa safi inaingia kwa matundu ya chini. Nilipoona picha zake nilielewa kosa langu la matundu kwa dakika moja.

Tukabomoa. Tulipunguza ukuta wa juu mpaka kwenye bimu, ule mkanda wa zege juu ya kuta, tukatengeneza kenchi upya, tukainua bati futi mbili na nusu juu ya silingi, pande mbili tukaziacha wazi zikazibwa kwa wavu tu, dhidi ya ndege na popo. Fundi alinipinga kwa heshima zote. “Bosi, bati mahali pake ni juu ya ukuta. Ukiliacha hewani hivi, watu watasema nilishindwa kumalizia.” Nilimwonyesha picha za Gando kwenye simu. Alizitazama kwa muda mrefu, akauliza hizo nondo ni za milimita ngapi. Kuanzia hapo kazi ikawa ya wote wawili.

Tuliteleza mahali pamoja, nami nataka ulishike hili kuliko yote. Paa lililoinuliwa ni tanga la jahazi. Sisi tulifunga kenchi kwa misumari kama tulivyozoea, na mwezi wa pili dhoruba ikanyanyua pembe ya kusini, mabati matatu yakakunjika. Namshukuru Mungu mama alikuwa kanisani. Kenchi zinatakiwa kufungwa kwa nondo au vyuma bapa vilivyozikwa ndani ya bimu wakati zege linamwagwa, vishike kenchi kwa boliti. Kwa nyumba ambayo bimu imeshakauka, itabidi utoboe na kufunga boliti za kushika zege, kazi ya gharama, ila usiiruke. Kama una uwezo wa kumlipa mhandisi kwa jambo moja tu katika nyumba nzima, mlipe kwa hili.

Dari la tofali kama la Gando sikulithubutu. Ni zito, na kuta zangu hazikujengwa kulibeba. Badala yake niliondoa jipsamu kwenye vyumba viwili nikaweka silingi ya matete yaliyosukwa, yanayoruhusu hewa kupita. Sebuleni niliacha jipsamu ila nikafungua mistari miwili ya matundu. Tofauti ya vyumba hivyo na sebule unaihisi ukivuka mlango.

Mwaka uliofuata nilimwongezea vyumba viwili upande wa mashariki, na huko nilianza na udongo. Tofali za udongo na saruji za kufungamana si kitu kigeni kwetu. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umezihimiza kwa miaka mingi. Hazihitaji tanuru, kwa hiyo hukati mti hata mmoja kuzichoma. Lakini si kila udongo unafaa. Chukua udongo uliochimbwa chini ya tabaka la juu lenye mizizi, jaza nusu ya chupa ya glasi, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa, uache mpaka kesho. Mchanga utakaa chini, mfinyanzi juu. Mfinyanzi ukizidi, tofali zitapasuka. Halafu tengeneza kiboksi cha mbao chenye urefu wa sentimita 60, upana na kina sentimita 4, shindilia udongo uliolowa, uanike siku kadhaa kivulini. Kadiri unavyosinyaa ndivyo utakavyohitaji saruji zaidi. Wangu ulitaka sehemu moja ya saruji kwa kumi na sita za udongo. Wa jirani yako unaweza kuwa tofauti kabisa, usinakili kipimo cha mtu.

Na uvumilivu. Tofali zikitoka kwenye mashine zifunikwe nailoni kivulini, zimwagiliwe, wiki nzima angalau. Vijana wangu walizianika juani siku ya kwanza ili zikauke haraka, mia mbili zikavunjika kingo. Msingi uwe wa mawe na upande kozi kadhaa juu ya ardhi, ili maji ya mvua yanaporuka yasifikie udongo. Upenu nimeuacha futi tatu. Wazee wa Gando nao walitilia shaka udongo mbele ya mvua, na jibu walilopata ni hilohilo: paa lililotoka mbele sana na miguu isiyolowa.

Jambo jingine nililojifunza kwa ofisi ile ni kuacha jengo likue. Shule ya Gando ilifuatiwa na nyumba za walimu mwaka 2004, kisha ikaongezwa madarasa mwaka 2008 watoto walipozidi. Sisi tunajenga kwa awamu tangu zamani, kwa sababu ya mfuko, ila tunaongeza kwa kubomoa. Ukiwa unajenga sasa, fikiria mlango wa kesho utakuwa wapi na uweke linta yake, bimu fupi ya juu ya mlango, leo. Katika ukuta wa vyumba vile viwili kuna linta ya futi nne ambayo chini yake kuna tofali tupu zisizobeba kitu. Siku nikitaka chumba cha tatu, nitazitoa kwa mkono.

Usitupe pia mirunda, ile miti inayoshikilia zege likiwa bichi. Zege likishakauka, ile milingoti huwa tunaiacha iliwe na mchwa au tunaifanya kuni. Kéré huchukua miti ya mikaratusi, inayolaumiwa kote kwa kukausha ardhi, akaisimamisha kama pazia la kivuli mbele ya kuta. Sekondari ya Lycée Schorge kule Koudougou imezungukwa nayo yote. Yangu niliipaka oili chafu, nikaisimamisha juu ya mstari wa mawe upande wa magharibi, hatua mbili kutoka ukutani. Mama anaanikia mboga hapo katikati.

Sasa neno kwa wa pwani, maana nimeulizwa na ndugu wa Tanga. Usichukue kila nililosema. Ukuta mzito wa udongo unafaa kwetu kwa sababu usiku wetu unapoa, ukuta unapata nafasi ya kutoa joto la mchana. Kwenu usiku haupoi vya kutosha na hewa ina unyevu, kinachowaokoa ni upepo: madirisha yanayotazamana, dari refu, paa linalopumua kama makuti. Walioijenga Lamu na Mji Mkongwe hawakusubiri mtu awafundishe. Hata upana wa vyumba vyao uliamuliwa na urefu wa boriti ya mkoko. Walianza na kilichopo, wakakipangia nyumba. Picha ya Burkina Faso ukiibandika Tanga bila kufikiri, utakuwa umerudia kosa langu la paa la kuficha, kwa sura nyingine.

Kiangazi hiki narudi Manyoni na boliti za kutosha kukagua kila kenchi. Mama ameagiza jambo moja tu. Anataka ile pazia ya mirunda isogezwe hatua moja zaidi, kwa sababu wajukuu wakija wote wakati wa likizo hapawatoshi kukaa.