Kutoa redio ya Ford yenye matundu manne

Ndugu, kwa Focus yako ya zamani yenye matundu mawili kila upande wa redio, funguo za dukani si lazima. Ila kabla ya kuanza tafuta “code” ya redio, yaani namba ya siri ya kuifungua: ukikata umeme, redio nyingi huidai, na bila hiyo utabaki na redio bubu. Ikikosekana kwenye vitabu vya gari, nakili namba ya utambulisho (“serial number”) iliyobandikwa ubavuni mwa redio ukishaitoa. Wakala wa Ford anaweza kuipata “code” kwa namba hiyo.

Toa kwanza waya wa hasi wa betri. Kata vipande viwili vya henga ngumu ya chuma, kunja kila kimoja umbo la U, ncha zilingane na matundu, kisha zisugue kwa tupa ziwe laini. Spoku za baiskeli pia hutumika, ila nyembamba hupinda. Ingiza zote mbili mpaka zigote, zisukume kwa nje huku ukivuta taratibu, pande zote sawasawa. Usichokonoe kwa bisibisi, dashibodi itachubuka. Ikitoka, usinyofoe: nyuma kuna soketi na waya wa antena.

Ukikuta nyaya zimeungwaungwa kwa utepe wa gundi, mwite fundi umeme wa magari.