Siki kwa sarafu ya shaba iliyotoka ardhini

Je, sarafu ya shaba iliyotoka ardhini isafishwe kwa siki? Hapana, wala ndimu. Asidi haichagui: inakula ukoko wa kijani pamoja na shaba yenyewe, sarafu inatoka ya waridi, ina vishimo, maandishi yamefifia. Iloweke kwenye maji yaliyokenekwa (ya bomba yana klorini, adui wa shaba), ubadilishe kila siku kwa wiki moja au mbili. Udongo ukilainika, uchokonoe kwa kijiti cha meno cha mbao, sarafu ikiwa bado imelowa, ukitazama kwa lenzi. Brashi ya waya usiiguse kabisa. Ile ngozi laini ya kijani kibichi au kahawia iache, ndiyo inayoilinda.

Ukishaikausha, kisha ukaona unga wa kijani mpauko unarudi palepale hata ukiufuta, hiyo ni kloridi (chumvi ya klorini), bado inakula ndani. Itenge na nyingine, irudishe majini.

Ya fedha iliyopiga weusi ni habari nyingine: ilaze juu ya karatasi ya alumini ndani ya maji ya moto yenye soda ya kuokea, dakika chache tu. Na kama huenda ni adimu, suuza udongo uishie hapo. Wakusanyaji hushusha bei ya sarafu iliyosuguliwa.