Joho la shujaa halichezeki

Mwaka wangu wa kwanza wa kutengeneza gemu ya Mwanakusi uliishia kwenye mambo ambayo mchezaji hawezi kuyagusa. Mwanakusi ni binti wa katuni, kachorwa na binamu yangu. Kazaliwa mji wa pwani, upepo ukivuma unamchukua, na kuna tajiri anayetaka kuwanyang'anya wavuvi ufukwe wao. Yalitoka matoleo matatu ya kurasa 24, fotokopi nyeusi na nyeupe, tukayauza wenyewe mkononi hapa Tanga. Watu waliyapenda kwelikweli. Nilikuwa nasimamishwa njiani kuulizwa la nne linatoka lini. Nikaona hawa wakimpata Mwanakusi kwenye simu zao watakesha naye.

Nikaandika hadithi ndefu. Nikarekodi sauti za ndugu na majirani, usiku, feni imezimwa. Yule tajiri nikamchorea mavazi mara tatu. Kila kitu kilipokuwa tayari nikaenda banda la PlayStation la mtaani kwetu, nikampa simu kijana wa miaka 12 hivi aliyekuwa anasubiri zamu yake ya mpira. Akaruka. Akaruka tena. Akampiga mtu ngumi, akaruka. Halafu akanirudishia simu kwa mikono miwili, kwa adabu: "Kaka, huyu dada anaruka kama kabeba gunia la mkaa."

Alisema kweli. Nilikuwa na joho, jina, adui na wimbo. Upepo wenyewe nilikuwa sijautengeneza.

Vijana wengi wenye katuni zao wananiuliza waanzie wapi wakitaka kuzifanya gemu. Tangu siku ile jibu langu ni moja: tafuta kitu ambacho mwili wa shujaa wako unafanya na mwili wa mwingine haufanyi, ukitengeneze hicho kwanza, kwenye uwanja mtupu wenye maboksi ya kijivu. Adui asiwepo, hadithi isiwepo, hata rangi isiwepo. Ukicheza pale robo saa bila kuchoka, endelea. Ukichoka, usikimbilie kuchora mavazi.

Katuni ina ruhusa ambayo gemu haijapewa. Mchoraji akimchora Spider-Man ananing'inia juu ya barabara za New York, utando unapanda hadi ukingo wa kisanduku na kuishia hapo. Hakuna msomaji anayeuliza umeshika wapi. Kutoka kisanduku kimoja hadi kingine, anayembeba shujaa ni akili ya msomaji. Kwenye gemu, kile kipande cha katikati ambacho mchoraji alikiruka ndiko mchezaji anakoishi, sekunde baada ya sekunde, na kidole chake kinauliza swali lile lile: utando umeshika wapi?

Gemu ya Spider-Man ya mwaka 2000, iliyotengenezwa na Neversoft, ilikuwa nzuri kwa wakati wake, ila utando ulishika hewani tu. Mwaka 2004 studio ya Treyarch ikatoa Spider-Man 2. Mmoja wa watengenezaji wake, Jamie Fristrom, alikuwa amebuni mfumo ambamo utando lazima ushike jengo lenyewe, kisha mwili unabembea kama jiwe lililofungwa kamba. Ukiachia kwa wakati wake unatupwa mbali. Ukichelewa unapoteza mwendo. Ukifika pasipo na jengo, huna pa kushika, unashuka ukimbie kwa miguu kama watu wengine. Gemu ile ilikuwa na kasoro zake, kuna kazi ya kufukuzia puto la mtoto inayojirudia hadi inachosha, lakini sisi tuliokuwa shule wakati huo tulikuwa tunalipia nusu saa ya kubembea tu. Aliyeshika pedi hakukumbuka kumtafuta adui, na tuliokaa nyuma yake tulikuwa tunapinda shingo kila alipokata kona. Insomniac walipomchukua shujaa huyo mwaka 2018 kwa PS4 walilainisha mambo mengi ili anayekosea asiumie sana, na bado utando wao unatafuta kitu cha kushika.

Sasa utaniambia wa kwako habembei wala hapai. Mtazame Batman. Hana nguvu yoyote ya ajabu, risasi zikimpata anakufa. Mwili wake unafanya nini basi? Rocksteady wa London, waliokuwa wametoa gemu moja tu kabla ya hapo, walilijibu swali hilo mwaka 2009 kwenye Batman: Arkham Asylum: huyu mtu anaogopesha. Kuna vyumba ambamo wahalifu wenye bunduki wanazunguka, nawe umechutama juu gizani kwenye sanamu ya jiwe. Ukijitokeza mbele yao umekwisha. Kwa hiyo unawachukua mmoja mmoja. Wa kwanza akikutwa ananing'inia, wenzake wanaanza kuitana. Wa pili akipotea, wanageuka nyuma kila hatua, wanapiga risasi vivuli. Na kupitia kinyago cha Batman unasoma mapigo ya moyo wao yakipanda, kutoka mtu aliyetulia hadi mtu aliyeingiwa na kiwewe. Nguvu ya shujaa imewekwa ndani ya miili ya maadui zake! Hiki ndicho ninachowaonyesha vijana kuliko kingine chochote, maana mashujaa wengi wa katuni zetu hawana mbawa. Ni fundi, ni mkunga, ni utingo wa basi mwenye akili nyingi. Wanaomzunguka wanabadilika vipi akiingia chumbani? Anza hapo.

Mifano mingine nitaipitia haraka. Kwenye gemu ya Hulk ya 2005 iliyotengenezwa na Radical Entertainment, unaliokota gari, unalipasua vipande viwili, unavivaa mikononi kama glovu. Kwenye ile ya Wolverine ya 2009, nyama inapasuka na kujifunga mbele ya macho yako, hivyo huhitaji kuelezwa kwamba huyu hafi kirahisi. Halafu Rocksteady wale wale, mwaka 2024, wakatoa Suicide Squad: Kill the Justice League: papa anayetembea kwa miguu, mrusha bumerangi, msichana wa sarakasi na mlenga shabaha, wote wanne wamekamata bunduki. Kampuni mama yao ilikiri kwamba mapato hayakufikia matarajio. Gemu ikianguka sababu huwa nyingi. Mimi niliyoihisi mikononi ni hiyo, miili minne inafanya kazi moja.

Jambo la pili ninalolisisitiza ni hatari iwekwe wapi. Hapa mwalimu wangu ni Superman, ingawa gemu zake zimeumiza mashabiki wengi. Ile ya 1999 ya Nintendo 64 ilimpitisha kwenye mapete angani, moja baada ya jingine, saa ikimhesabia, huku mji umefunikwa na ukungu. Mtu mwenye nguvu kuliko wote duniani akapewa mtihani wa udereva! Tatizo lenyewe ni gumu kweli: asiyeumia utamtishia nini? Superman Returns ya 2006 haikupendwa sana, lakini ilikuwa na wazo moja ambalo naliheshimu mpaka leo. Mstari wa uhai haukuwa wa Superman, ulikuwa wa Metropolis, mji anaoulinda. Yeye haumii. Mji ndio unaoumia, na mji ukiisha mchezo umekwisha. Hapo ghafla nguvu zake zote hazimsaidii kukaa kwa amani, kwa sababu anachokipenda hakina ngozi ya chuma.

Niliporudi kwa Mwanakusi nikiwa na mambo hayo mawili, nilienda kwanza kwa mjomba. Ni nahodha wa ngalawa tangu sijazaliwa. Nilimkuta anashona tanga chini ya mkungu, nikamwuliza upepo ukikataa anafanyaje.

"Upepo haukatai, mjomba," akaniambia. "Ni wewe unataka kwenda unakotoka. Basi unabisha."

Akachukua kijiti akachora mchangani: huku, kule, huku, kule, na kila mara chombo kimepanda kidogo kuelekea upepo unakotoka. Mimi nimekua nikiliona hilo kila jioni pale ufukweni na sikuwahi kufikiri kwamba ni gemu. Nikaenda nyumbani nikafuta ile ruka yangu yote. Sasa Mwanakusi akiupa upepo mgongo anaruka mbali kupita paa mbili, tatu. Akielekea joshini, yaani upepo unakotoka, lazima abishe: anagonga ukuta wa kushoto wa kichochoro, anajirusha kwa mshazari hadi wa kulia, anarudi kushoto, anapanda. Vichochoro vya mji vikawa na maana ambayo kwenye katuni havikuwa nayo. Shwari ikiingia, ni binti wa kawaida anayetembea kwa miguu, na hapo ndipo watu wa yule tajiri wanapomtafuta. Nilikaa wiki sita kwenye maboksi ya kijivu nikisahihisha pembe ya mruko huo peke yake.

Hatari nikaiweka kwenye makuti. Mwanakusi anaweza kuuita upepo ukaze, lakini kila akiuita, makuti yanang'oka kwenye mapaa ya majirani zake, na unayaona yakiruka. Ukishindana na maadui kwa pupa unaweza kushinda huku nyumba za mtaa mzima zimebaki fito. Mchezaji mmoja, mama mwenye duka jirani na banda, alimaliza hatua nzima bila kuuita hata mara moja. Nilipomwuliza sababu akaniambia, "Bibi wa ile nyumba ya pembeni ataezekewa na nani?" Kwenye gemu sikuwa nimeandika popote kwamba bibi huyo hana mtoto wa kiume. Alikuwa ameisoma kwenye toleo la pili la katuni.

Kuna la karatasi pia, na nalitaja kwa sababu limewaliza wengi. Ukipenda mashujaa wa Marvel au DC, jifunzie kwao nyumbani kadiri utakavyo, lakini usitoe gemu yenye sura zao bila ruhusa, hata ya bure. Rafiki yangu alitoa, ikaondolewa kwenye duka la mtandaoni baada ya wiki chache, na kazi yake ya miezi minane ikaenda nayo. Aliumia sana, ila haki haikuwa upande wake. Na shujaa akiwa wenu wenyewe, andikianeni mapema. Mimi na binamu yangu tumekua nyumba moja, tuliona aibu kuwekeana sahihi, mpaka alipotokea mtu anataka kuchapa fulana za Mwanakusi na kila mmoja wetu akawa na jibu lake. Tulinuniana karibu mwezi. Sasa tuna karatasi moja ya lugha nyepesi: mhusika ni wa nani, gemu ni ya nani, fedha inagawanywaje, na mmoja wetu akiacha kazi inakuwaje. Kazi za sanaa zinasajiliwa kwenye ofisi za hakimiliki: kwa Tanzania ni COSOTA, kwa Kenya ni KECOBO. Anayetaka kuona njia hii ikifuatwa kwa muda mrefu awatazame Leti Arts, studio iliyoanzishwa na Eyram Tawia wa Ghana na Wesley Kirinya wa Kenya, wanaotengeneza katuni na gemu bega kwa bega, zenye mashujaa kama Ananse wa hadithi za Ghana na Shaka, mfalme wa Wazulu.

Tengeneza kwenye simu ambayo wachezaji wako wanayo. Mimi nilikuwa najaribia kwenye kompyuta, upepo nimeuchora kwa mamia ya chembe za vumbi na majani yanayopeperuka, unapendeza mno. Kwenye simu ya RAM ya GB 2 gemu ikawa inakwama kila upepo ulipokaza, na simu inachemka mkononi. Nikayaondoa majani. Likabaki tatizo: mchezaji atajuaje upepo unatoka wapi? Nikaweka mshale kwenye kona ya kioo, lakini kona hiyo ndiyo kidole gumba cha kulia kinapokaa, na hakuna aliyeuona.

Ufumbuzi alikuwa nao binamu yangu siku zote. Mwanakusi, tangu ukurasa wa kwanza, amejitanda kanga mabegani, na pindo moja linaning'inia nyuma. Nilikuwa nimelifanya lipepee ovyo, pambo tu. Tukalifunga kwenye upepo wenyewe. Upepo ukitoka kusini pindo linaelekea kaskazini, ukikaza linanyooka, ukikaribia kugeuka linalegea na kutetemeka sekunde moja kabla. Mshale nikaufuta.

Nikarudi banda lile lile. Yule kijana kashakuwa mrefu, sauti imeanza kukwaruza. Nikampa simu bila kumweleza kitu. Mara mbili alijirusha vibaya akaanguka kichochoroni. Mara ya tatu akasimama ukingoni mwa paa, hagusi kitu, macho yako kwenye mabega ya Mwanakusi. Pindo likalegea, likatetemeka, likaanza kuelea upande wa pili. Hapo ndipo aliporuka. Alivuka paa tatu. Wenzake wakamwita kwamba zamu yake ya mpira imefika.

"Ngojeni kwanza," akasema, hajainua uso. "Upepo unageuka."