Kwa mlioanza kazi ya mizigo ya Kongo hapa Kigoma

Wadogo zangu mlioingia juzi juzi kwenye mambo ya forodha na usafirishaji, nawaona pale bandarini mnavyochangamka kila mkisikia "wamesaini". Tulieni kwanza. Jueni nani kasaini na nani, maana huu mgogoro wa mashariki ya Kongo una meza mbili za mazungumzo na wengi mnazichanganya.

Ya Washington ni serikali kwa serikali, Kinshasa (Kongo) na Kigali (Rwanda). Mawaziri wa mambo ya nje walisaini tarehe 27 Juni 2025, halafu marais Tshisekedi na Kagame wenyewe wakaja kuweka saini tarehe 4 Desemba. Ya Doha, kule Qatar, ni Kinshasa na waasi wa M23, hao walioichukua Goma Januari 2025 na Bukavu Februari. Sasa mtu anaona picha ya marais kwenye simu anakimbilia kumpa mteja wa Uvira, mji wa Kongo ng'ambo ya ziwa, mali kauli, wakati wenye bunduki kule hawakukaa kwenye hiyo meza kabisa. Na haikupita hata wiki mbili baada ya saini za Desemba M23 wakaingia Uvira, watu wakakimbilia Burundi kwa maelfu, ndo baadaye Marekani wakabana wakatangaza wanajitoa. Aliyetoa mzigo kwa mkopo wiki ile muulizeni mwenyewe, mie simsemi.

Halafu someni masharti. Rwanda wanataka FDLR, waasi wa Kihutu wa Rwanda walioko Kongo, wamalizwe kwanza, Kongo wanataka wanajeshi wa Rwanda watoke. Kila mmoja anamsubiri mwenzie aanze. Hapo ndo pagumu, mengine ni hotuba.

Mimi siku hizi naangalia gati la Kibirizi hapa Kigoma kuliko taarifa ya habari. Mnunuzi wa Uvira akija mwenyewe, akakagua mifuko ya saruji, akachambua chumvi ya Uvinza kwa mkono na kutoa dola taslimu (tena kagueni noti, yenye mchaniko hata kidogo kule hawapokei), ujue njia inapitika. Ukiona anapiga simu tu, anaomba mzigo uandikiwe Kalemie, kusini zaidi huko huko Kongo, badala ya Uvira "mtu wangu ataupokea", basi ameshasikia kitu ambacho redio haijasema.

Kuhusu wakubwa wa kanda, msiwategemee sana. Jeshi la Jumuiya ya Afrika Mashariki liliingia Kongo mwishoni mwa 2022, Desemba 2023 likaambiwa basi. Jeshi la SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, nao, na vijana wetu wakiwemo, Machi 2025 wakafunga kazi. Marais walikutana Dar Februari 2025, usukani ukaishia kwa Marekani na Qatar. Kwa maoni yangu Marekani kaja kwa ajili ya madini, akipata shughuli nyingine sijui nani atamsukuma nani.

Burundi ndo mnaisahau kabisa, mnaona Bujumbura ni soko la kawaida tu. Wana wanajeshi upande wa Kinshasa, na mpaka wao na Rwanda waliufunga tangu Januari 2024, kwa hiyo Uvira ikiwaka na wao wanaungua, ni pua na mdomo pale. Reli ya Uvinza hadi Musongati ikikamilika tutaongea mengine, kwa sasa mteja wa Bujumbura mchajini nusu kabla boti haijang'oa nanga, na akinuna mwacheni anune.